Mercedes-Benz 230E ya Mwaka 1991: Miaka Minne na Daftari la Gharama Jijini Dar es Salaam

Mnamo Agosti 2021 nilinunua Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1991 kutoka kwa mzee mmoja mstaafu anayeishi Upanga. Nililipa shilingi 7,800,000, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika kwenye daftari kila shilingi niliyoitoa kwa ajili ya gari hilo. Nilihitaji gari la kwendea kazini, lakini pia nilitaka kujua jambo moja kwa kulijaribu mwenyewe. Huko Ulaya magari ya miaka ya 1980 na 1990 yaliyotunzwa vizuri yamekuwa yakipanda bei, na wapo wanaoyanunua kama sisi tunavyonunua viwanja. Je, mtu wa kipato cha kawaida hapa Dar es Salaam anaweza kununua klasiki ya namna hiyo, akaitumia kila siku, na fedha yake isiyeyuke? Miaka minne imepita, daftari limejaa, na sasa ninaweza kujibu.

Benzi ninalolizungumzia mafundi hulijua kwa namba yake ya kiwandani, W124. Lilianza kuuzwa mwishoni mwa 1984 likichukua nafasi ya W123, na sedani zake ziliendelea kutengenezwa hadi 1995, katika ukoo wa magari uliozidi milioni 2.5 ukijumlisha sedani, yale ya kubebea mizigo nyuma, yenye milango miwili na yasiyo na paa. Lilisanifiwa chini ya uongozi wa Bruno Sacco, na mtu akilitazama leo anaona kwa nini halijazeeka vibaya: mistari yake imenyooka, halina pambo lililowekwa kwa ajili ya mtindo wa mwaka fulani, na kila kitu kina sababu ya kuwa pale kilipo. Wingi wake una pande mbili ambazo mnunuzi anapaswa kuzipima pamoja. Kwa sababu yalitengenezwa mengi, spea zake bado zinapatikana. Na kwa sababu hiyohiyo, 230E ya silinda nne haitauzwa kamwe kwa bei ya 500E, ndugu yake wa silinda nane aliyeundwa kwa ushirikiano na Porsche. Anayenunua 230E ananunua gari la mtu wa kati, na matumaini yake ya faida yawe ya mtu wa kati.

Nilichagua kwa makusudi gari la kabla ya 1993. Kuanzia miaka hiyo ya mwisho, injini mpya za W124 zilifungwa nyaya ambazo gamba lake la nje hukauka, likapasuka na kudondoka lenyewe kwa joto la injini, na joto la Dar es Salaam halihitaji msaada. Injini ya 230E, yenye lita 2.3 na nguvu ya farasi takriban 130, ni ya kizazi kilichotangulia: nyaya zake ni chache na ngumu, cheni yake ya taimingi ni ya chuma, na petroli huingizwa kwa mfumo wa Bosch uitwao KE-Jetronic, ambao kwa sehemu kubwa ni wa mitambo na umeme huusahihisha tu. Fundi mwenye subira anaweza kuuelewa mfumo huo bila kompyuta. Asiye na subira atauharibu, na hilo nitalieleza.

Kabla ya hapo ni lazima nizungumzie soko letu, kwa sababu bei ya gari hili haieleweki bila kulielewa. Hapa Dar gari hutajwa kwa herufi ya namba yake ya usajili kabla ya kutajwa kwa hali yake. Dalali akikupigia simu, sentensi yake ya kwanza ni kwamba gari ni namba D au namba E, na bei hupanda au kushuka kwa herufi hiyo hata kabla hujaliona. Gari la namba A, yaani lililosajiliwa tangu mfumo wa sasa wa namba ulipoanza katika miaka ya mwanzo ya 2000, huchukuliwa kuwa limekwisha, na mara nyingi huuzwa kwa bei inayokaribia bei ya mkweche. Kwa mtu anayetafuta gari la kawaida la matumizi, kigezo hicho kina busara yake, kwa kuwa herufi ya zamani humaanisha miaka mingi ya barabara zetu. Kwa klasiki, kigezo hicho kinapotosha kabisa. W124 ya namba A iliyolala kwenye banda kwa mstaafu ni bora mara kumi kuliko W124 ya namba C iliyopita mikononi mwa watu sita, na soko linauza ya kwanza kwa bei ndogo zaidi. Nafasi ya mnunuzi makini imo hapo tu, na sijaona nyingine.

Kodi nayo inasaidia kuieleza nafasi hiyo. Anayetaka kuagiza W124 kutoka Japani au Uingereza leo atalipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa sababu injini inazidi sisi 2,000, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na juu ya hayo ushuru wa ziada wa asilimia 30 unaotozwa gari la abiria lenye umri wa zaidi ya miaka 10. Ujerumani gari lililofikisha miaka 30 likiwa katika hali yake ya asili hupewa namba maalumu yenye herufi H na nafuu ya kodi. Kwetu umri ni mzigo. Matokeo yake ni kwamba W124 zilizomo nchini ndizo tulizonazo, na kila mwaka kadhaa hukatwa na kuuzwa vipande vipande. Idadi inapungua na haijazwi. Nakiri kwamba upungufu peke yake haupandishi bei kama hakuna wanaotaka, na wanaolitaka gari hili Dar bado ni wachache. Lakini wachache hao wanajua wanachokitafuta.

Mzee wa Upanga nilimpata kupitia kwa mwenzangu wa kazini. Nilipofika nilimsalimu shikamoo, akaniitikia marahaba, akanikalisha, akaagiza chai, na kwa muda wa saa nzima hatukuligusa gari. Kisha akaingia ndani na kutoka na faili la kaki lenye risiti za tangu 1998, baadhi zikiwa zimefifia hata hazisomeki. "Mwanangu," aliniambia, "wanangu wanataka Toyota Crown. Hili wanaona aibu kupanda. Mimi sitaki dalali alifike, atalikata." Nilimwomba ruhusa ya kulikagua, akanipa ufunguo, akabaki kibarazani.

Nilianza na boneti, ambayo kwenye W124 hufunguka hadi ikasimama wima kabisa, ukaweza kuingia na mwili mzima. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma cha nyuma ya injini, na kwa gari hili inaanza na WDB124023; tarakimu hizo sita baada ya herufi ndizo zinazosema kwamba gari ni sedani ya 230E. Namba ya injini inapaswa kuanza na 102. Zote mbili zimeandikwa kwenye kadi ya gari, nami nilizilinganisha tarakimu kwa tarakimu kwa tochi ya simu. Namsihi anayesoma hapa asiliruke jambo hilo, kwa kuwa W124 nyingi za Dar zimeshatolewa injini yake na kufungwa ya Toyota. Mwenye gari alifanya hivyo kwa nia njema, apate spea kwa urahisi na mafuta kwa unafuu, na gari linaweza kutembea vizuri sana baada ya hapo. Lakini kama unanunua kwa ajili ya thamani ya baadaye, gari hilo limeshaacha kuwa kile unachokilipia, na kama kadi haikubadilishwa utabeba na tatizo la nyaraka.

Kisha nikapitisha sumaku iliyofungwa kwa kitambaa kwenye bodi yote, kwa sababu pati inayojaziwa bodi iliyobonyea ikiwa nene sumaku haishiki. Ilishika kila mahali isipokuwa kwenye madigadi mawili ya mbele, karibu na taa za ishara, ambako W124 hupata kutu kwa kawaida. Nikainua kapeti upande wa abiria na kwenye buti kutafuta tope la mafuriko, maana jiji hili lina magari mengi yaliyowahi kuzama Jangwani na Msimbazi yakaoshwa na kupelekwa yadi. Chuma cha chini kilikuwa kikavu na rangi yake ya kiwandani bado ilikuwepo. Wanaoishi Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach wazingatie zaidi sehemu za kuwekea jeki, kwa kuwa upepo wa chumvi huanza kazi yake huko chini, ambako mtu hatazami.

Sasa niyaseme matatizo yaliyonipata, nikianza na lile lililonifundisha zaidi. Mwezi wa tano tangu ninunue, taa ya breki za ABS iliwaka kwenye dashibodi na injini ikaanza kutetemeka ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma gari likiwa limesimama. Nililipeleka kwa fundi mmoja niliyeelekezwa na watu. Alisikiliza injini kwa dakika mbili, akasema mfumo wote wa petroli umekufa, na akapendekeza aung'oe na kufunga kabureta kwa shilingi 1,400,000. Nilimwomba anipe siku tatu. Jioni ile nilikuwa nimekumbuka kwamba taa ya ABS na mtikisiko wa injini vilianza asubuhi moja, na mambo mawili yasiyohusiana hayaanzi kwa saa ileile bila chanzo kimoja. Fundi umeme wa Gerezani, kijana ambaye hakuwa na hata meza, alifungua kifuniko kilicho nyuma ya betri, akachomoa rilei ndogo ya mraba yenye fyuzi juu yake, akaifungua kwa bisibisi na kunionyesha. Kwenye kibao cha ndani palikuwa na mguu mmoja wa shaba ambao risasi yake ya kulehemu ilikuwa imepasuka kwa duara jembamba kama unywele. Rilei hiyo huulinda umeme wa ABS na wa KE-Jetronic kwa pamoja dhidi ya voltaji kubwa. Aliilehemu palepale, injini ikatulia, na baadaye nikaagiza mpya kwa shilingi 180,000 pamoja na usafiri. Laiti ningekubali kabureta, ningelipa karibu mara nane na kuua thamani ya gari kwa mkono wangu mwenyewe.

Nasimulia hayo kwa urefu kwa sababu ndiyo hukumu yangu kuhusu gari hili kwa ujumla. W124 haiharibiki ovyo. Huharibiwa na matengenezo ya kubahatisha. Anayekusudia kulinunua atafute kwanza fundi, kisha gari.

Kiyoyozi kilinigharimu zaidi. Evaporeta ya W124, yaani sehemu inayoipoza hewa, imefichwa ndani kabisa ya dashibodi, na ikivuja hakuna njia ya mkato: dashibodi yote hutolewa. Kazi hiyo ilichukua siku nne na shilingi 1,100,000, na nilikaa pale kila siku baada ya kazi nikihesabu skrubu. Kwenye foleni ya Buguruni mwezi wa Februari hakuna klasiki isiyo na kiyoyozi inayoweza kuitwa gari la kila siku, hivyo sijutii. Rejeta pia nilibadilisha, kwa sababu shingo yake ya plastiki hukatika kwa uzee, na ikikatika barabarani maji yote humwagika kwa dakika moja na kichwa cha injini hupinda. Nilifanya hivyo kabla haijakatika, na kila mwenye gari hili afanye hivyo mwezi wa kwanza.

Mengine yalikuwa ya kawaida: bushi, boljointi na shokapu, ambazo kwa barabara zetu lazima zifike zamu yake, na rangi ya madigadi yale mawili. Spea za miguuni zinapatikana Gerezani na Kariakoo, lakini kuna za daraja tatu zinazofanana machoni, na bushi ya bei rahisi niliyoifunga mara ya kwanza ilichanika kabla ya miezi sita. Nimejifunza kununua zenye jina la kiwanda kilicholihudumia gari tangu awali, hata kama ni lazima kusubiri wiki tatu zifike kutoka Dubai.

Kuhusu kuliendesha, nitasema kidogo, ingawa ndicho kinachonifanya nilipende. Miguu ya nyuma ya W124 ina vyuma vitano kila upande, mpangilio ambao Mercedes-Benz waliuanza kwenye 190 mwaka 1982, na kazi yake unaiona kwenye matuta na mashimo ya Barabara ya Mandela: gari linazama, linanyanyuka mara moja, na limetulia. Kwenda Morogoro nimepima wastani wa kilomita 11 kwa lita. Ndani ya jiji ni 8, na siku za foleni kubwa ni chini ya hapo. Waipa ni moja tu, na mkono wake hurefuka ukielekea pembeni ya kioo kisha hujivuta katikati, hivyo husafisha asilimia 86 ya kioo chote. Katika mvua za masika mwaka jana, nikiwa Daraja la Tanzanite, magari yaliyokuwa na waipa mbili yaliegesha na mimi nilikuwa ninaiona barabara. Mtambo wake upakwe grisi kila mwaka, maana ukikauka hukwama na ni ghali.

Jambo ambalo sikulitegemea ni bima. Kampuni niliyoiendea ilikataa kuniandikia bima kubwa kwa sababu ya umri wa gari, ikanipa ile ya kumlipa mtu wa tatu tu. Maana yake ni kwamba thamani yote niliyoijenga ndani ya gari haina ulinzi. Bodaboda akiingia ubavuni au gari likiibwa, hasara ni yangu peke yangu. Yeyote anayefanya hesabu za uwekezaji lazima aiweke hatari hiyo mezani tangu mwanzo. Mimi nimejibu kwa kutoliegesha barabarani usiku na kwa kutompa mtu mwingine ufunguo.

Hesabu zenyewe ziko hivi. Rejeta na mabomba ya maji shilingi 420,000, miguu 1,650,000, matairi manne 720,000, rilei 180,000, kiyoyozi 1,100,000, rangi 550,000, oili, filta na plagi kwa miaka minne 780,000. Jumla ni 5,400,000, na ukiongeza bei ya kununulia unapata 13,200,000. Matairi na huduma ya oili gari lolote lingenidai, kwa hiyo nayatoa, na kubaki na 11,700,000 kama fedha iliyoingia kwenye gari kwa sababu ni gari hili. Jirani yangu alinunua mwezi uleule Toyota ndogo iliyotoka bandarini, ikiwa na herufi mpya ya wakati huo, kwa 16,500,000. Ameiuza mwaka huu kwa 10,000,000. Lilikuwa gari zuri na halikumsumbua hata siku moja, lakini milioni 6.5 zimekwenda na herufi.

Hata hivyo sitaki mtu aone gari hili ni mahali pa kuweka akiba. Hatifungani ya serikali hulipa riba kila baada ya miezi sita ukiwa umelala, na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS unaweza kuviuza bila kufungua boneti. W124 hailipi chochote. Inachofanya, ikiwa nzima na yenye injini yake, ni kuacha kushuka bei huku ukiitumia, na mnunuzi wa Dar anayehitaji gari kwa vyovyote vile anaokoa fedha pale. Asiyehitaji gari asiinunue. Anayetaka gari la kutia petroli na kusahau asiinunue. Na asiyeweza kuweka pembeni milioni 3 siku ileile anayolipa bei ya ununuzi angoje hadi aweze, kwa kuwa nusu ya gharama zangu zilikuja ndani ya mwaka wa kwanza. Wanaoniuliza kuhusu W210, mrithi wake mwenye taa nne za mviringo, nawajibu kwamba kutu yake ni ya kiwango kingine na mimi nisingeigusa kwa bahari hii tuliyonayo.

Mwezi uliopita alikuja mtu kutoka Mwenge aliyesikia habari za gari hili kwa fundi umeme wangu. Hakuuliza herufi ya namba. Alifungua boneti ikasimama wima, akawasha tochi ya simu, akaomba kadi, akaanza kusoma namba ya injini tarakimu moja moja kwa sauti ndogo, kuanzia 102. Kisha akaomba faili la kaki, ambalo sasa lina risiti za mzee na zangu, akalisoma akiwa ameketi kwenye ukuta wangu kwa karibu nusu saa. Akaniambia atanipa 12,000,000. Nilimshukuru na kumwambia bado ninalitumia, akaniachia namba yake ya simu, nami nimeiandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.